Moto wa Kijani

Wengi wanaosomea kemia huingia kwa kuipenda. Teodora Mayala aliingia kwa kuiogopa.

Alizaliwa Ukerewe, nje kidogo ya Nansio, katika nyumba ya mkulima wa pamba. Msimu mmoja, yeye akiwa bado hajaanza shule, baba yake alichanganya dawa ya pamba kwenye beseni, akapulizia shamba mpaka jua likawa kali, kisha akaingia ndani kunywa uji. Beseni likabaki uani. Mbuzi wakaja, wakanywa. Teodora alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchicha, akaona yote: mmoja akipiga magoti kama anayesali, mwingine akitetemeka miguu yote minne, mwingine akizunguka mahali pale pale mpaka akaanguka. Kufa kwa mbuzi hakukumtisha sana, maana mbuzi walichinjwa kila sikukuu. Kilichomtisha ni kwamba alipolichungulia lile beseni hakuona kitu. Yalikuwemo maji meupe kama ya kuoshea mchele, basi.

Tangu siku ile hakunywa maji bila kuyanusa. Hata alipokuwa mkufunzi wa kemia katika chuo kimoja cha ualimu mjini Mwanza, mwanamke wa makamo mwenye miwani na sauti ndogo, wanachuo walikuwa wakimwiga bwenini: wanainua kikombe, wananusa, wanasita, ndipo wanakunywa. Alikuwa anajua kwamba wanamwiga. Hakuwakasirikia. Alikaa Mabatini na mama yake, Evelina, katika nyumba iliyoegemea mawe makubwa ya kilimani, na kila jioni alihakikisha madirisha yamefungwa kabla jirani yeyote hajafikiria kufunga ya kwake.

Mihadhara ya wazi ilianzishwa na mkuu wa idara ya kemia, Mzee Chenge, Msukuma mrefu mwenye kicheko kilichosikika mpaka jikoni kwa wanachuo. Ilikuwa miaka ya soko huria. Maduka yalikuwa yamejaa vitu ambavyo watu hawakuvijua hata majina, na dawa ya pamba, ambayo zamani ililetwa na chama cha ushirika pamoja na bwana shamba wa kueleza namna ya kuitumia, sasa iliuzwa gulioni kwa kupimwa kwenye chupa za soda, bila karatasi, bila jina.

"Zamani dawa ilikuja na mtu wa kuisemea," Mzee Chenge aliwaambia wakufunzi wenzake. "Siku hizi inakuja peke yake. Sasa sisi tumekaa hapa na maabara yetu, tunamfundisha nani?"

Akabandika matangazo sokoni na stendi: mhadhara wa wazi, Jumamosi alasiri, ukumbi wa chuo, wote mnakaribishwa. Miaka hiyo ukisema mhadhara watu walielewa mabishano ya dini. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza wakaja watu na Biblia zao kwapani, na wengine na kofia zao nyeupe, kila upande umejiandaa kujibu hoja, wakamkuta Mzee Chenge amevaa aproni anapika sabuni kwa mafuta ya mawese. Walicheka mpaka wakafutana machozi, wakakaa, wakatoka kila mmoja na kipande cha sabuni. Baada ya hapo ukumbi haukuwa na nafasi. Walikuja mafundi betri, walimu wa shule za msingi, wauza maji. Bibi Jasuben, mwenye duka la vitambaa mjini, aliketi mstari wa mbele kila mara, na swali lake lilikuwa lile lile: kwa nini samli inachacha?

Katika mihadhara hiyo yote Teodora hakufungua kinywa. Alipanga chupa, aliwasha taa ya spiriti, alifuta ubao, kisha akasimama karibu na mlango wa nyuma. Mwishoni mwa mwaka tisini na nane, Mzee Chenge alimfuata maabara.

"Mwezi ujao ni zamu yako, Mwalimu. Sumu za nyumbani na za shambani."

"Mzee, mimi mbele ya watu siwezi."

"Unawafundisha wanachuo kila siku."

"Wale nawajua majina. Hawa sijui nani anakuja na nini moyoni."

Mzee Chenge alicheka, akamwekea mkono begani. "Katika idara hii nzima nani anaiogopa sumu kama wewe? Basi wewe ndiye utakayeieleza ikaeleweka."

Wiki zile alilala vibaya. Alijiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani. Hatimaye alipanda jukwaani, akaanza na jambo moja tu: waya wa shaba. Aliuchoma kwenye taa mpaka ukawa mwekundu na moto ukabaki rangi yake. Akauchovya kwenye maji, akaurudisha, moto haukubadilika. Akauchovya kwenye dawa ya pamba aliyoinunua gulioni, akaurudisha. Moto ukageuka kijani, kijani ya kung'aa kama mgongo wa nzi mkubwa, na ukumbi mzima ukaguna.

"Hiyo rangi inatuambia ndani ya dawa hii mna klorini," alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe kwa kutotetemeka. "Dawa nyingi za kuulia wadudu wa pamba zinayo. Waya hautuambii jina la sumu, wala hautuambii ni kiasi gani. Unatuambia tu: simama, hiki si maji."

Hapo ndipo akainuka mwanamke mmoja katikati ya ukumbi. Alikuwa mnene, amejifunga kanga mbili, na kikapu chake kilinuka samaki. Wengi walimjua: Gladness, mchuuzi wa samaki wa Igogo.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, dada. Karibu."

"Mimi sina swali. Nina hii." Alitoa kikapuni chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la hindi. Ndani mlikuwa na maji meupe. "Nimeikuta kwenye mtumbwi ninaonunulia sato, chini ya nyavu. Mwenye mtumbwi ameniambia ni maziwa ya mtoto. Nipimie."

Teodora alitamani kusema muda umekwisha. Mzee Chenge, kando ya jukwaa, aliinamisha kichwa kumruhusu. Chupa ikapitishwa mkono kwa mkono mpaka mbele. Teodora alitoa gunzi, na kabla hajauchovya waya harufu ilishamfikia, ile ile ya beseni la baba yake. Akauchovya. Akaurudisha motoni.

Kijani.

Kelele zilizolipuka hapo hazikuwa na mwenyewe. Watu walisimama, viti vikaanguka. "Wanavua kwa sumu, wanatulisha!" "Mtumbwi wa nani huo? Taja!" Gladness alikataa kutaja, alikaa chini na kujifunika uso kwa kanga. Na katika ghasia zile Teodora alimwona mtu mmoja nyuma kabisa, pandikizi la mwanamume aliyevaa kofia ya pama yenye ukingo mpana. Huyo hakupiga kelele. Alimtazama Teodora, akamtazama tena, kisha akafungua mlango na kutoka.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Lakini haukupita muda mrefu habari zikatangazwa redioni: Ulaya imekataa samaki wa ziwa letu kwa sababu ya sumu. Viwanda vya minofu vikafunga mageti. Magari ya barafu yaliyozoea kupanga foleni mialoni, kwenye fukwe za kushushia samaki, hayakuonekana. Vijana waliokuwa wakishona nyavu wakawa wanacheza bao toka asubuhi, na akina mama waliokuwa wakikaanga mapanki, yale mabaki ya sangara kutoka viwandani, wakawa hawana cha kukaanga. Mji ukahitaji mtu wa kulaumu, na mtu huyo alikuwa karibu.

"Si yule mwalimu wa chuo? Aliyewasha moto wa kijani?"

"Ndiye aliyewaandikia Wazungu."

"Analipwa huyo. Kwani mwanamke hana mume hana mtoto, anatafuta nini kwenye riziki za watu?"

Teodora hakuwahi kumwandikia Mzungu yeyote. Alikwenda sokoni Mabatini kununua nyanya, na wauzaji waliokuwa wakizungumza wakanyamaza. Muuza nyanya akamfungia bila kumtazama usoni. Asubuhi moja mama yake alifungua mlango, akakuta kichwa cha sangara kimewekwa kizingitini, macho yamechomwa vijiti. Bibi Evelina alikitupa jalalani, akaosha kizingiti kwa majivu, akaingia ndani na kukaa kitandani bila kuvua kandambili.

"Teo, mwanangu. Twende Nansio."

"Nina vipindi, mama."

"Vipindi vitafundishwa na walio hai."

Teodora alikwenda kazini njia ya nyuma, kati ya mawe, akirusha macho kila kona. Na pale alipokuwa anajishawishi kwamba kile kichwa ni upuuzi wa vijana, akamwona yule mtu wa pama. Alikuwa amesimama ng'ambo ya geti la chuo, mikono mfukoni. Siku nyingine alikuwa sokoni, nyuma ya magunia ya mkaa. Jumapili alikuwa nje ya kanisa, chini ya ukuta, na misa ilipokwisha alipiga hatua kumwelekea, akasimama, akageuka. Kila mara ilikuwa hivyo: anasogea, anasita, anaondoka. Mikono haikutoka mfukoni. Teodora alianza kufikiria kilichomo mfukoni mle. Kisu. Chupa. Tindikali, maana yeye alijua vizuri kuliko wengine tindikali inafanya nini usoni mwa mtu. Aliacha kuvaa miwani njiani ili asimwone, kisha akaona ni afadhali kumwona, akaivaa tena.

Alimweleza Mzee Chenge. Mkuu wa idara safari hii hakucheka.

"Tutasimamisha mihadhara," alisema. "Mpaka watu wapoe."

Teodora alihisi mwili mzima umelegea kwa nafuu. Aliaga, akaenda maabara kuchukua mkoba wake, na pale mlangoni akamkuta Gladness amekaa sakafuni, kikapu kitupu mapajani.

"Mwadila, mayu," Gladness alimsalimia kwa Kisukuma, kama anavyosalimiwa mama wa heshima. "Nimesikia mnafunga."

"Kwa sasa, dada. Hali si nzuri."

"Kwangu ilikuwa nzuri lini? Waliponiona nimeleta chupa walinivunjia meza. Sijalia." Aligeuza kikapu, akakitazama chini yake. "Mwalimu, mtumbwi ule nimenunua kwao miaka. Sato wale sikuuza wote. Wengine nilipika nyumbani. Wanangu wamekula, na mdogo wangu mjamzito amekula. Kila mtoto akikohoa nakurupuka. Kule mwaloni wenzangu wote wako hivyo hivyo, ila wanaogopa kusema. Hawawezi kupanda huku chuoni, wanaume zao watawaona. Njoo wewe."

"Mwaloni?"

"Mwaloni. Uje na taa yako."

Teodora alitaka kumwambia kwamba yeye ni mwoga, kwamba alikuwa mwoga tangu mtoto, kwamba amechaguliwa mtu asiyefaa. Lakini alimtazama yule mwanamke aliyekaa sakafuni na kutambua kwamba hofu zao zilikuwa za kitu kile kile: maji meupe yasiyo na kitu ndani. Alisikia mdomo wake ukisema atakuja.

Mzee Chenge alipinga, kisha akakubali, kisha akapinga tena. Mwishowe alimtaarifu mtendaji wa kata, wakaenda alasiri jua likiwa bado juu, yeye, Teodora na boksi la vifaa, kwenye mwalo mdogo mbele ya Igogo.

Watu walikuwa wengi kuliko alivyofikiria. Wanawake walisimama upande mmoja, karibu na vichanja vya dagaa. Wanaume walikaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa, na hawakusimama kusalimia. Mtendaji alisema maneno mawili matatu ya kufungua, akajisogeza pembeni kabisa, karibu na baiskeli yake.

"Huyo ndiye!" sauti ilitoka kwenye mitumbwi.

"Mwache aseme!" Gladness alijibu.

Teodora aliweka taa juu ya meza ya kukatia samaki, akawasha. Upepo wa ziwa ukaizima. Akawasha tena; ikazimika tena. Vijana wakaanza kucheka. Mara ya tatu iliwaka, lakini jua lilikuwa kali mno na moto wa spiriti hauonekani juani. Ilikuwa kama ameshika waya juu ya kitu kisichokuwepo. Kicheko kikaongezeka. Kisha mzee mmoja, mwenye mitumbwi kadhaa, akainuka na kuja mpaka mezani akiwa amebeba sato mbichi kwenye mkono. Akamtupa mezani, taa ikayumba.

"Mwalimu. Wewe ni mtaalamu. Pima samaki huyu, hapa, mbele ya watu, useme ni salama. Useme kwa sauti. Kesho tupeleke habari viwandani."

"Baba, shikamoo. Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Waya huu unapima dawa iliyo kwenye chupa. Sumu iliyoingia kwenye nyama ni kidogo sana, inahitaji mashine kubwa, na sisi chuoni hatuna. Nikisema ni salama nitakuwa nimesema uongo. Nikisema ana sumu pia nitakuwa nimesema uongo."

"Kwa hiyo sumu umeweza kuitangaza, usalama umeshindwa!"

Hapo wanaume wakasimama. Walisogea wote pamoja bila mtu kuwaambia. Mzee Chenge alipaza sauti, "Jamani, jamani," na sauti yake kubwa ikawa ndogo. Jiwe lilipita karibu na sikio la Teodora, likadondoka majini nyuma yake. Alirudi nyuma hatua moja, nyingine, mpaka akahisi maji ya ziwa yakiingia ndani ya viatu. Hapakuwa tena na pa kurudi. Na katikati ya lile kundi, akiwapita wenzake kwa mabega, alimwona anakuja mtu wa pama.

Alikuja moja kwa moja. Mikono ilikuwa mfukoni. Teodora aliinua viganja vyote viwili kukinga uso. Alisubiri unyevu, alisubiri kuungua, na kwa sababu gani hakujua, aliwaza kwamba mama yake hajala.

Hakuungua. Alipofungua macho yule mtu alikuwa amesimama mezani, ameuweka mwili wake mkubwa kati ya taa na upepo. Alikuwa ametoa mikono mfukoni, na mikono ile ilikuwa inatetemeka. Ilitetemeka si kama ya mtu mwenye baridi au hasira. Ilitetemeka kama miguu ya mbuzi wa baba yake. Akavua kofia kwa tabu, akaishikilia juu ya taa kama kibanda. Chini ya kivuli chake moto wa spiriti ukaonekana, mdogo, wa bluu, umetulia.

"Endelea," alimwambia Teodora. Kisha akawageukia wenzake. "Mnanijua. Mimi Shimba. Nani hapa hajavua na mimi?"

Aliwatazama mmoja mmoja.

"Ngosha, mdogo wangu, mlimzika wenyewe. Mkasema kifafa. Mkasema karogwa. Ngosha hakuwa na kifafa tangu azaliwe. Tulikuwa tunamwaga dawa ziwani kuua samaki, mimi na yeye, kwa mikono hii. Chupa ilimvunjikia mapajani, akalowa mpaka miguuni. Tukacheka. Tukaendelea kuvua. Hatujafika ufukweni akaanza kuruka ndani ya mtumbwi kama samaki, mpaka akanyamaza."

"Shimba, funga mdomo wako!" mzee mwenye mitumbwi alifoka.

"Nimeufunga tangu mvua za vuli. Sasa mikono yangu inasema yenyewe." Akamgeukia Teodora, na sauti ikashuka kama ya mtu anayezungumza na daktari nyuma ya pazia. "Mwalimu, nimekufuata siku nyingi. Getini, sokoni, hata kanisani. Kila nikisogea nashindwa. Nilikuwa nataka kukuuliza jambo moja, nikaogopa jibu. Je, na mimi nakufa?"

Teodora alikuwa bado ndani ya maji. Alitoka, viatu vikilia, akaja mpaka mezani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona usoni kwa karibu. Alikuwa kijana kuliko alivyodhani.

"Sijui," alimjibu. "Mimi si daktari, sitakudanganya. Najua kwamba dawa ile inapita kwenye ngozi. Haihitaji kunywewa. Ikichanganywa na mafuta yake ya kiwandani inapita haraka zaidi, na inashika mishipa ya fahamu. Najua mtetemeko huo unatokana na nini, kwa sababu nimewahi kuuona. Usiguse tena. Kesho asubuhi nenda hospitali, na uwaambie ukweli, usiwaambie malaria. Nitakwenda na wewe."

Akachukua waya. Shimba akaishikilia kofia, ikicheza-cheza kwa mtetemeko wake, na chini yake Teodora aliuchovya kwenye dawa aliyoileta, akauchoma. Moto ukawaka kijani. Waliokuwa karibu waliuona, wakawaita wa nyuma, wakaja wakichungulia kwa zamu chini ya ile kofia, kwanza wanawake, kisha baadhi ya wanaume. Wengine waliondoka wakitema mate. Yule mzee alimchukua sato wake akaenda zake, na alipopita karibu na Mzee Chenge alimwambia maneno ambayo Mzee Chenge hakuyarudia kwa mtu.

Asubuhi yake Teodora alikwenda hospitali na Shimba kama alivyoahidi. Walikaa benchi moja, wote wawili wakitazama mlango wa daktari. Shimba hakufa. Alipewa vidonge, akaambiwa apumzike. Mtetemeko ulipungua lakini haukumtoka, na ziwani hakurudi. Alifungua kibanda cha kuziba pancha za baiskeli, kazi iliyomlazimu kusubiri mkono utulie kabla ya kupaka gundi, na wateja wake walijifunza kungoja.

Si kila kitu kilinyooka. Wiki hiyo hiyo mawe yalitua juu ya bati la nyumba ya Mabatini mchana kweupe, na Bibi Evelina akafungasha, akapanda meli kwenda Nansio. Teodora alibaki peke yake, na kwa miezi hakukaa mgongo ukiwa umeelekea mlango. Gladness aliunganisha meza yake, akauza mboga mpaka samaki waliporudi. Wapo waliomsalimia Teodora njiani, wapo waliovuka barabara. Chupa za soda zenye maji meupe ziliendelea kupatikana kwenye baadhi ya mitumbwi. Kwenye mingine hazikuonekana tena. Akina mama wa mwaloni walijiwekea utaratibu wao: asiyewaruhusu kukagua chini ya nyavu hawanunui kwake.

Mihadhara ilirudi baada ya mvua. Siku ya kwanza Bibi Jasuben aliuliza kuhusu samli, na watu wakapiga makofi. Shimba alikuja, akakaa karibu na mlango, mikono juu ya magoti pale kila mtu alipoweza kuiona.

Mwisho wa mwaka ule viongozi wa mwalo mmoja wa Ukerewe walimwomba Mzee Chenge awapelekee mtu wa kueleza habari za dawa. Mzee Chenge hakutaja jina. Aliweka tu mwaliko juu ya meza ya maabara, akaanza kufuta ubao ambao ulikuwa safi.

"Kule ni kwetu," Teodora alisema.

"Najua."

"Wananijua tangu mtoto. Wavuvi wa kule ni wajomba zangu. Wakikasirika hawatarusha jiwe, watakwenda nyumbani kwa mama."

"Najua, Mwalimu. Unaweza kukataa."

Alisafiri Ijumaa. Alikaa ndani ya meli, mbali na ukingo, boksi la taa mapajani. Mwanamke aliyekaa jirani yake alimkaribisha maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati. Teodora alishukuru, akakinusa, akasita. Yule mama alimtazama kwa mshangao, na Teodora, kwa aibu, akanywa yote. Kisha alishika boksi kwa mikono miwili, na gati la Nansio lilikuwa limeshaonekana, na watu juu yake.